Brashi ya Wanja Haiazimwi

Shemeji aliporudi kutoka Kigoma mjini alimletea dada yangu kikasha, na mimi ndiye niliyekifungua, maana dada aliona haya na mimi haya sinazo. Ndani mlikuwa na poda, kikopo cha wanja, sponji mbili laini za kupakia poda, na brashi mbili: nene ya mashavu, nyembamba ya macho. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Miaka ile ya sabini, kwetu Kibondo, mwanamke alijipaka samli akang'aa, basi, urembo umekwisha. Brashi niliyoijua mimi ilikuwa ya viatu.

Arusi yao ilikuwa imekaribia, na wakati huohuo ugonjwa wa macho mekundu ulikuwa unazunguka nyumba kwa nyumba. Bibi arusi mmoja wa upande wa Kumsenga alikuwa ameingia kanisani kope zimegandana kwa tongotongo, akaongozwa kwa mkono hadi mbele, na watu wakasema amelia wiki nzima kwa sababu hamtaki mume. Masikini, alimtaka kuliko chakula! Dada aliposikia hayo akanishika mabega.

"Mdogo wangu, siku yangu nataka nimwone mume wangu kwa macho yangu mawili. Hiki kikasha kiko mikononi mwako. Asikiguse mtu."

Nilivimba kichwa. Zahanati walikwisha kutuambia kwamba macho yale huambukizwa kwa mikono, kwa taulo, kwa chochote kinachotoka jicho la huyu kwenda la yule. Kwa hiyo mlinzi wa macho ya dada nilikuwa mimi, na nilifurahi kama niliyepewa cheo.

Nikaanza kwa kuharibu. Dada alijaribu poda, nikaziosha sponji kwa sabuni, nikazikamua, kisha nikazitia na unyevu wake kwenye kopo la maziwa ya unga na kubana kifuniko vumbi lisiingie. Ulikuwa msimu wa mvua, ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne. Nilipofungua kopo, harufu ilinipiga puani. Sponji moja ilikuwa imeota madoa ya kijani. Mama akashauri nikate palipooza kama tunavyokata kiazi. Wee! Uso wa dada si kiazi. Niliitupa shimoni nikabaki na moja.

Ndipo nilipochukua kikapu kidogo cha nyasi chenye kifuniko, nikakianika juani vizuri, kwa sababu kikapu kinapumua na kopo halipumui. Baada ya kila jaribio niliosha sponji kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikaikamua kwa kiganja bila kuisokota, nikaianika penye upepo. Brashi nilizifunga uzi mpinini nikazining'iniza nywele zikitazama chini, maji yasiingie kwenye gundi. Zikishakauka kabisa, kabisa kweli, nilizifunga kwenye kitambaa kilichopigwa pasi, zikaingia kikapuni, na kikapu kikatundikwa chumbani, mbali na moshi na kuku. Kila asubuhi nilikishusha na kunusa. Harufu ya sabuni tu! Nilicheka mwenyewe kwa raha.

Taabu ilikuwa ni watu. Kwetu pombe hunywewa kwenye chungu kimoja, mrija unapita mdomo kwa mdomo, na anayeufuta mrija kabla ya kunywa amewatukana wenzake wote. Sasa mwambie binti wa jirani kwamba brashi ya wanja haiazimwi! Walikuja kundi zima, macho mengine yamevimba, wanataka kuonja urembo. Nikawaambia wanja nitawagawia kidogo kwenye kipande cha jani, lakini kila mtu aje na njiti yake mwenyewe, na poda tutapaka kwa pamba, ukimaliza unaichoma.

"Yewe! Tumepata Bwana Afya mwenye sketi!" mmoja akapiga kelele. Walicheka sana, lakini njiti walileta.

Ikafika Jumamosi. Lori la wakwe kutoka Kasulu lilikuwa limelala njiani kwa sababu ya tope, likaingia asubuhi ileile. Nilikuwa nimempaka dada poda, nimeshika brashi nyembamba tayari kwa macho, mara mama mkwe wake akaingia na tope miguuni. Macho yake yalikuwa mekundu, yanachuruzika. Akaketi mkekani mbele yangu, akatusalimu kwa Kiha, akainua uso.

"Mwakeye, wanangu. Nipake na mimi, nifanane na mkwe wangu."

Nilikuwa na majibu ya kila binti wa Kibondo, lakini nani angemwambia mama wa bwana arusi akatafute njiti? Dada akanyoosha mkono, akachukua brashi kutoka kwangu, akampaka mama yule taratibu, jicho hili na jicho lile. Kisha akafunga kikopo, akamwekea mama kikopo na brashi kiganjani, akamkunja vidole.

"Hivi ni vyako, mama. Ujipake mpaka wajukuu waje."

Vigelegele vikalipuka. Dada akatoka uani kunawa mikono kwa sabuni, mimi nyuma yake, nimefura kwa hasira.

"Na wewe utapaka nini?"

"Sipaki," akasema, akijikung'uta maji. "Nitakwenda na niliyozaliwa nayo."

Kanisani nilimfuata nikiwa nimeshika pindo la gauni lake. Alitembea mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono, macho meupe, anatazama mbele moja kwa moja. Shemeji akainama kidogo, akanong'ona, "Mbona hukupaka wanja niliokuletea?"

Dada akamwonyesha kwa kidevu. Kwenye benchi la mbele yule mama mkwe alikuwa analia kwa furaha, michirizi myeusi imemfika shingoni, na huku akimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mke wa mwanangu hana choyo!" Shemeji alicheka mpaka padri akakohoa. Na mimi hasira ikaniisha palepale, kwa sababu dada yangu alikuwa anaona kila kitu.