Siku ya Tatu Sikupewa Jembe

Ipo jioni moja ya Ramadhani ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikisikia kijana kagombana na tajiri wake. Na wewe jana uliniambia, tena unacheka, kwamba wako umemtumia meseji ya matusi na namba yake umeifuta. Mimi sikucheka. Weka simu chini kidogo, nikwambie.

Nilikuwa napika kwenye hoteli ya Bi Mwanaidi, pale Kasulu mjini. Mwenyewe mtu wa Tanga, mkali kama pilipili, lakini ndiye aliyenitoa kijijini kwetu Heru Juu nikiwa sijui hata kukata kitunguu, akanifundisha pilau, tambi na mihogo ya nazi. Aliniita "we mtoto", na nililala stoo kwake, kwenye mkeka, kando ya magunia ya mchele. Ramadhani ikiingia, heshima yangu ilipanda. Jikoni wote walikuwa wanafunga isipokuwa mimi Mkristo, kwa hiyo mimi ndiye niliyeonja. Chungu cha futari hakikutoka mpaka niseme chumvi imekaa.

Mwaka ule nikashikwa na mafua. Sikusikia ladha ya kitu chochote, ungenipa majivu ningekula. Nikanyamaza, maana nani angeniheshimu jikoni bila ule ulimi? Chumvi nikatia kwa kubahatisha, nikaona haitoshi, nikaongeza. Adhana ikalia, watu wakagusa mihogo, wakatema. Watu waliokaa na njaa tangu alfajiri, mwanangu! Bi Mwanaidi akanijia juu mbele yao wote.

"We mtoto, umenivua nguo mbele za watu! Huo ulimi wako una kazi gani?"

Ningesema "nisamehe, naumwa", yangeishia pale. Badala yake nikavua aproni, nikaitupa juu ya meza ya wateja.

"Basi kesho onja mwenyewe, uvunje saumu yako!"

Hasira hasara, ila hasara yangu ilianza ikiwa tamu. Kambi ya wakimbizi ya Nduta ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa, ile mara ya kwanza, na mashirika yalikuwa yanatafuta wapishi. Nikaenda Kibondo kesho yake bila kumuaga mtu. Kazi nikapata, nikaolewa, nikamzaa kaka yako. Nikajiona nimeshinda. Halafu shirika likapunguza watu, na mume wangu yule wa kwanza akaenda Mpanda kutafuta maisha, asirudi. Nikabaki na mtoto mgongoni na shamba la mihogo lisilotosha hata kuku. Nikasema liwalo na liwe, narudi kwa Bi Mwanaidi. Ramadhani ilikuwa imeingia tena, nikajipa moyo kwamba atahitaji mtu wa kuonja.

Nilivyopokelewa! Natamani angenitukana. Alinikumbatia, akaniita "dada". Dada, mimi! Akanisalimu kwa Kiha, kwa mikono miwili, kama wasalimiwavyo wakwe. Nikalazwa chumba cha wageni, kwenye kitanda chenye chandarua. Futari nikaletewa mezani, na kaka yako akaletewa uji wake. Kila nikifungua mdomo niombe radhi ananijazia kikombe, nami naona aibu, najiambia bado kidogo. Si wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Basi nikaisubiri siku ya tatu, nikiamini nikishapewa kazi maneno yatapata nafasi yake.

Siku hiyo alasiri nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia jikoni, nikashika upawa. Binti mmoja nisiyemjua alikuwa amesimama karibu na chungu, msalaba shingoni. Nikamwelewa bila kuambiwa. Bi Mwanaidi akaja, akautoa upawa mkononi mwangu taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Mgeni haingii jikoni, dada. Kapumzike."

"Bi Mwanaidi, mimi si mgeni kwako."

"Nilikuwa na mtoto hapa," akasema. "Aliondoka. Wewe ni mgeni wangu, na mgeni namheshimu."

Asubuhi akanisindikiza mpaka stendi. Alinifungia tende, akampa kaka yako shuka, akasimama ananipungia mkono hadi gari likaondoka. Aliniaga vizuri mno. Nililia mpaka Heru Juu, na abiria wakadhani nimefiwa.

Jembe nilikuja kulipata, la kibarua, kwenye mashamba ya watu kule Titye. Kaka yako akalishika naye, shule akaiacha, na mpaka leo unamwona anavyowalimia wengine. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana yeye hakumtukana mtu. Bi Mwanaidi alirudi kwao Tanga, nikaambiwa na wapita njia. Ile radhi huwa naitamka peke yangu nikimenya mihogo. Haimfikii.

Nasaha yangu basi ni hii. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ukiondoka kazini, aga, hata kama umeonewa, na ukishindwa kusema jema nyamaza. Na siku ukirudi, omba radhi ukiwa bado mlangoni, kabla hujavutiwa kiti, kwa sababu ukishakunywa chai ya mgeni umekwisha kuwa mgeni. Siahidi kwamba utasamehewa. Pengine hutasamehewa. Omba hivyo hivyo, usije ukazeeka na neno mdomoni.

Haya, mwanangu. Mungu aulinde ulimi wako, akupe riziki isiyokimbia. Na popote utakaporudi, akujalie ukute mtu wa kukugombeza.