Mtandao Uliokuwa Ukishika Kaburini kwa Babu

"Na babu yenu, naye yumo humo?"

Bibi alituuliza swali hilo alasiri moja ya Desemba, amesimama kati ya mibuni na jembe begani, akiitazama simu iliyokuwa mkononi mwa dada Asimwe. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilizoea kuuliza, si kuulizwa. Nyumbani kwetu Nyanga, Bukoba mjini, Mama alikuwa akisema kwamba siku nikifika mbinguni nitaanza kwa kumhoji mlinzi wa mlango, na Asimwe alishaniita Profesa kabla sijajua profesa ni nani.

Enzi zetu mtandao ulikuwa mahali. Najua nawachekesha watu ninaposema "enzi zetu" na thelathini sijafikisha, lakini wa rika langu mtanielewa. Leo uko kila upande kama hewa, na vijana wakiukosa kwa dakika mbili wanahema kama samaki aliyetupwa mchangani. Sisi tuliuendea kwa miguu. Mjini Bukoba haukuwa na taabu, ila shule zikifungwa tukaanza safari ya kwenda kwa Bibi, Muleba, nilikuwa nahesabu vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu ya Asimwe njia nzima. Tukipita Kanazi vimebaki viwili. Mbele kidogo kimoja. Tukifika kwa Bibi, pale kwenye pembe ya kioo kunabaki alama ya mkasi tu, na Asimwe ananuna mpaka chakula cha jioni.

Asimwe alikuwa binti wa baba mkubwa, amenizidi miaka minne, na simu ilikuwa yake. Ilikuwa ya Kichina, ya laini mbili, na spika yake ya mgongoni ukiiweka mezani vikombe vinatikisika. Ndani mlikuwa na memori kadi tuliyojaziwa nyimbo kwenye kibanda kimoja karibu na soko, na humo ndimo zilimokaa albamu zetu. Enzi zetu tulisikiliza albamu, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio ule ule, mpaka ukawa unausikia wimbo unaofuata kabla haujaanza. Tulikuwa na ya kwaya ya parokia, iliyohamishwa kutoka kwenye kanda, na kati ya wimbo wa tatu na wa nne jogoo anawika. Tulikuwa na ya dada mmoja wa Dar es Salaam mwenye sauti ya mafua, ambayo wimbo wake wa mwisho ulikatika katikati ya neno. "Nita—" anasema, halafu kimya. Miaka mingi baadaye niliusikia wote kwenye harusi na nikaona wameuharibu kwa kuumalizia.

Mdogo wangu ana nyimbo zote za dunia kwenye simu yake na hajui hata mmoja unafuatwa na upi. Anaacha simu imchagulie.

Asimwe ndiye aliyegundua. Bibi alimtuma majani ya migomba ya kufunikia sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, simu ikiwa mfukoni mwa sketi, na huko kibanjani, kwenye shamba la migomba na mibuni, ikaanza kulia meseji moja baada ya nyingine kama iliyopagawa. Alisimama pale ilipolilia. Ilikuwa juu ya kaburi la Babu.

Kwetu makaburi yako kibanjani, nyuma ya nyumba, kwa hiyo hatukuogopa kuyaona. La Babu lilikuwa limejengewa vigae vyeupe, kwenye mteremko, mibuni pande zote. Ukitoka hatua mbili kulia, mtandao hakuna. Hatua mbili kushoto, hakuna. Ukikaa juu ya vigae, vijiti vyote vinajaa. Nilipima mara nyingi, maana hata wakati ule sikupenda kuambiwa jambo bila kulipima, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Asimwe alifanya mzaha. Mtandao ukishika alisema Babu kaamka. Ukikatika, Babu kalala.

Tulikaa pale Desemba nzima. Mchana kibanja cha ndizi ni giza lisilo giza, la kijani, na sauti zinafika zikiwa zimepungua. Jani moja lilikuwa na tabia ya kupunga taratibu wakati mengine yote yametulia, nami nilikuwa na maelezo yake, nimeshayasahau. Simu ilipata moto mkononi. Vigae havikupata moto hata jua lilipovipiga, na ukivikalia muda mrefu ubaridi unapanda mpaka kiunoni. Bibi alituona tangu siku ya pili. Mwanamke aliyetuchapa kwa kuruka vyungu alitupita akiwa na jembe lake, wala hakutuambia tushuke.

Halafu ndipo akaja siku ile na kuuliza Asimwe anachotafuta ni nini. Asimwe akamwambia anapakua albamu, na kwamba mtandaoni, Bibi, kila kitu kimo. Dunia nzima imo.

"Na babu yenu, naye yumo humo?"

Tulitazamana. Babu tuliambiwa alikufa kabla hatujazaliwa, na kwamba alikuwa mpiga enanga, ule ubao wa nyuzi wa wazee wetu, akiitwa kwenye harusi hadi Kamachumu. Picha yake hakuna aliyetuonyesha. Basi mimi, Profesa, nikaelewa kwa haraka kwamba Bibi anataka nyimbo zake.

"Tunaweza kumtafuta," nikasema.

"Mtafuteni, waitu," akatubembeleza kwa Kihaya.

Tukaandika enanga, tukaandika Kihaya, tukangoja. Ukurasa mmoja ulikubali kufunguka, wa Uganda, mweupe, usio na picha. Ulikuwa na albamu moja, nyimbo kumi na mbili, hazina majina, zina namba tu. Asimwe akachagua wa sita kwa kuwa ulikuwa mwepesi wa kupakua kuliko zote. Mvua ikaja, tukaifunika simu kwa jani la mgomba na kuiacha juu ya vigae, tukakimbilia jikoni. Tuliporudi jani lilikuwa chini na simu ilikuwa kavu.

Wimbo ulianza kwa kelele za chumbani. Mlango unafungwa. Mtu anauliza kitu mbali, hakisikiki, na mzee anajibu kwa Kihaya: bado. Kisha nyuzi zikaanza, taratibu, na sauti kavu ikaingia juu yake, ikisema zaidi ya kuimba, kama mtu anayehesabu vitu vyake gizani. Bibi alikaa kaburini, kati yetu. Wimbo ulipokwisha alisema turudishe. Tukarudisha. Mara ya tatu akanyoosha kidole na kukisimamisha hewani, pale mzee anapojibu, nasi tukamrudishia pale tu.

"Sauti imezeeka," akasema.

Asimwe alicheka kwa pua. Akasema kwa upole kwamba huyo lazima ni Mganda wa mpakani, Kinyankole na Kihaya vinakaribiana. Bibi hakumsikia, au hakutaka.

"Bibi, aliyekufa hazeeki," nikamwambia.

"Nani amekwambia?"

Akaishika simu kwa mikono miwili, jinsi mgeni anavyopokea kwetu kahawa ya kutafuna, akatuambia neno ambalo lilitumaliza kwa kicheko.

"Muulizeni yuko wapi."

Asimwe alianguka kifudifudi kwenye majani. Nami nilicheka, nadhani kuliko yeye. Wimbo hauulizwi, Bibi. Chini ya ukurasa ule kulikuwa na kisanduku cha kuandikia maoni, na jina la aliyeziweka nyimbo, na namba inayoanza kwa tarakimu za Uganda. Niliviona. Bando lilikuwa linaisha, na ilikuwa imebaki albamu ya Asimwe. Lakini Bibi hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umebaki pale pale, unangoja, na kungoja kule kulinitia hofu kuliko kaburi. Nikachukua simu. Nikabonyeza bonyeza herufi zisizo na maana, nikasubiri kidogo ili ifanane na kweli.

"Amejibu," nikasema. "Anasema hajambo. Anakusalimu."

"Hajasema anarudi lini?"

"Hajasema."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda kuendelea na palizi.

Nilijiambia ni uzee. Siku iliyofuata akafagia njia yote, kutoka mlangoni mpaka barabarani, na kigoda ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia kikatolewa chumbani kikawekwa barazani. Alivaa kitenge cha kanisani siku ya kazi. Wiki ile senene walianguka kwa wingi, kijiji kizima kiko nje na ndoo, watoto wanapiga mayowe, na yeye akabaki barazani ameelekea barabarani, anawanyonyoa senene mabawa bila kuwatazama. Alikaanga wengi kuliko tuwezao kula. Sehemu moja aliifunika kwa sahani na haikuguswa.

Baba alipokuja kutuchukua aliona kigoda akauliza kimetolewa na nani. Bibi akamjibu kwamba baba yake hajambo, ametuma salamu. Nilikuwa mlangoni. Nilidhani Baba atacheka, au atanikaripia. Aliingia kibanjani peke yake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alituambia neno moja tu, kwa sauti ndogo, akitazama chini: tusimchezee tena Bibi kwa simu. Nilimuuliza kwa nini. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu Baba aliondoka bila kunijibu.

Simu ile iliibwa Bukoba mwezi uliofuata, na kadi yake ndani. Lakini kila Desemba, tukishaachwa wawili, Bibi alininong'oneza kama nina salamu. Nami nilimpa. Anakusalimu, Bibi. Hajambo. Anakohoa kidogo. Niliongeza madogo madogo ili yaaminike, na kila nililoongeza alilipokea kwa mikono miwili.

Nikiwa chuo kikuu nilikisimulia kisa hiki bwenini kama kichekesho. Nilikuwa nimepata na nadharia: wazee hukipokea chombo kipya kwa kukijaza wafu wao. Wenzangu walicheka pale nilipotaka wacheke.

Siku hizi mnara uko kilimani, unaonekana kutoka barazani kwa Bibi. Vijiti vinajaa jikoni, chooni, kwenye migomba, kila mahali, na watoto wa ukoo wakija likizo hawajui njia ya kwenda kaburini kwa Babu, kwa kuwa hawana la kufuata huko. Wanalala kwenye makochi, kila mmoja na masikio yake, wimbo ambao hawakuuchagua ukifuata wimbo ambao hawakuumaliza. Nawatania. Wananiita Bibi Kijana. Ukweli ni kwamba nawaonea wivu, na wakati huo huo sitaki kubadilishana nao zile alasiri za baridi ya vigae, tukingoja kitu kimoja kifike.

Ule wimbo wa sita nimeutafuta kwa kila njia ninayoijua. Ukurasa ule haupo tena. Wapiga enanga wapo wengi mtandaoni sasa, wenye majina na picha, na nimewasikiliza mmoja mmoja nikingoja mlango ufungwe na mtu aseme bado.

Bibi alifariki mwaka jana. Vijana waliokuwa wakichimba kaburi lake walisita, maana nafasi iliyobaki ilikuwa finyu na waliogopa kumfikia Babu ubavuni. Shangazi, mkubwa wa watoto wa Bibi, akawaambia wachimbe tu, hawatamgusa mtu. Kisha akageuka akaniona nimesimama pale, na akanieleza bila haraka, kama jambo ambalo watu wazima wote walishalijua. Babu hakuugua. Alivuka mpaka na magunia ya kahawa kwenda kuyauza Uganda, hakurudi, na maiti yake haikuonekana. Ukoo ulipochoka kungoja ulikata shina la mgomba, ukalivika shati lake, ukalizika.