Shikamoo ya Somanga

Mwanaume kaniamkia SHIKAMOO leo. Mimi!

Miezi minane tunacheza gemu la vita mtandaoni, timu moja. Kila siku "malkia wangu, kaa nyuma yangu, nitakulinda."

Leo kashuka Somanga tuonane kwa mara ya kwanza. Nimevaa dera jipya, nimejifukiza udi mpaka nywele.

Akanitazama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Jamani! Mimi nina thelathini na sita. Yeye arobaini, na kipara juu! Eti ni heshima.

Nikajibu "marahaba, mwanangu," nikageuza kurudi nyumbani.

Sasa hivi yumo kwenye gemu, maadui wamemzunguka, anapiga kelele: "Malkia, niokoe!"

Ingekuwa nyinyi, mngemwokoa?

Mimi nimewasha maiki: "Mama kachoka, mwanangu. Pambana."