Ta Alexander Kwenye Skrini Pana

Joanitha Kagaruki hana Mac, na ukimwambia anayo atakusahihisha palepale. Ana sanduku jeusi la kompyuta aliloliunda mwenyewe kwa vipande vilivyokuja na basi kutoka Dar, kimoja leo, kingine mwezi ujao, kisha akalilazimisha litumie mfumo wa Mac kwa sababu ndio aliojifunzia kuhariri video za harusi. Mimi naitwa Consolata, fundi cherehani. Tumepanga chumba kimoja hapa Bukoba mjini, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa ukuta, na nimemsikia akilibembeleza sanduku lile kuliko alivyowahi kumbembeleza mwanaume yeyote. Likigoma kuwaka anasema, "Leo limeamka vibaya." Mimi nasema alichome moto.

Basi akanunua skrini. Si skrini, jamani, ni meza ya chakula imesimamishwa! Ilibidi nihamishe vitambaa vyangu ili ipate pa kukaa. Alitaka aone harusi nzima imetandazwa mbele yake, mwanzo hadi mwisho, bila kusogezasogeza. Akachomeka, ikawaka, akashangilia. Halafu akasogeza uso karibu, maana watu wote kwenye skrini walikuwa wanene.

Sanduku halikuitambua skrini. Lilidhani ni ya upana wa kawaida, likatuma picha ya kawaida, na skrini ikaivuta mpaka ijae pembe hadi pembe. Mashavu yakavutika, mabega yakavutika, hata keki ikavutika. Joanitha akabadilisha kebo, akasoma mtandaoni ushauri wa watu wa nchi za mbali waliokwama kama yeye, akajaribu tena. Wapi!

Wateja nao hawakumsaidia. Kwetu mtu akitaka kukusifu anakwambia umenenepa. Ukikonda hawakuulizi kitu, wanatazamana tu. Waliingia kuangalia harusi zao, wakajiona wamenawiri, wakatoka wanamshukuru Joanitha kwa kamera yake nzuri. Kamera!

Mimi nilikuwa nachemka. Kazi iliyokuwa mezani ni harusi ya Evelyne wa Ijumbi, kule Muleba, na gauni lake nilishona mimi. Kiuno kile nilikibana mpaka macho yakaniuma. Kwenye skrini ya Joanitha, bibi harusi alionekana amevaa turubai.

"Rekebisha," nikamwambia. "Ukoo mzima utaitazama hiyo. Nani ataniletea kitambaa tena?"

"Dada Conso, ni skrini yangu tu inayodanganya. Kwenye televisheni yao kiuno kitakuwepo."

Alisema kweli, lakini nilikuwa nimeshakasirika na sikuona sababu ya kuipoteza hasira nzuri.

Ndipo akaja Ma Kokugonza, mama yake Evelyne, kuitazama video ya harusi kabla hajakabidhiwa. Mumewe, Ta Alexander, aliugua muda mrefu, akajikaza mpaka akamsindikiza binti yake kanisani, na wiki chache baadaye akafariki. Suti yake ya zamani niliipunguza mimi, nikaipunguza tena, na bado ilimpwaya. Hawakuwa na video nyingine inayomwonyesha akitembea. Siku ya kuanua matanga walitaka kuitazama wote pamoja, na mama yule hakuwa akingoja kitu kingine duniani ila kumwona mume wake tena.

Joanitha akapiga goti, akamwamkia Kihaya. "Shumalamu, Ma." Akamkalisha, akaiwasha.

Ta Alexander akatokea mlangoni pa kanisa, kamshika binti yake mkono. Kifua kimejaa, mashavu yamejaa, suti imemkaa.

"Mawe!" Ma Kokugonza akamaka kwa Kihaya, akasimama. Akaisogelea skrini, akaweka kiganja begani pa mumewe. "Ndivyo alivyokuwa aliponioa. Ndivyo kabisa!" Akacheka huku machozi yanamtoka, akataka irudiwe, ikarudiwa. Mimi nikajikuta nafuta macho kwa lesi ya mteja.

Na ajabu ya Mungu, kesho yake sanduku likatii. Joanitha alipata kebo ya aina nyingine, ile ya DisplayPort, akaliandikia sanduku faili dogo la kulieleza upana na urefu halisi wa skrini, akazima, akawasha. Picha ikakaa sawa, kali, safi. Kiuno cha Evelyne kikarudi, nikapiga vigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. Halafu Ta Alexander akatokea mlangoni pa kanisa, mifupa ya shingo imemtoka, suti inacheza mwilini, na vigelegele vikaniishia kooni.

"Ndivyo mama atakavyomwona," Joanitha akasema. "Mbele ya watu wote."

"Si umvute makusudi? Mvute awe kama jana."

"Akivutwa yeye, Evelyne yuko naye mkono kwa mkono. Gauni lako linavutika pia."

"Nimekuuliza habari za gauni? Mvute!"

Akatikisa kichwa. "Huo ni uongo, dada. Simdanganyi mjane." Akachukua simu, akapiga Ijumbi, akaweka spika. Akaeleza yote bila kuficha: kwamba skrini ilikosea, kwamba picha ya kweli ni ya Ta Alexander aliyekonda, na kwamba anaweza kumnenepesha tena, lakini hataki kufanya hivyo bila mama kujua. Upande wa pili kuku walikuwa wanalia.

"Joanitha, mwanangu," Ma Kokugonza akasema taratibu, "unadhani sikujua? Nani alikuwa anamwogesha? Nani alikuwa anambeba kumtoa nje aote jua? Yule aliyekonda ninaye, namwona kila nikifumba macho. Wewe nipe yule mwingine."