Wadudu Wazuri

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, shemeji yangu wa Jego aliingia kwetu Msambweni na chupa ya mwarobaini uliochemshwa. Chai aliikataa.

"Shemeji, si umesema mwenyewe kwenye simu kwamba mdogo wangu ana wadudu tumboni? Basi nimewaletea salamu zao."

Kweli nilisema. Mke wangu alipoanza kutibiwa saratani ya titi, nilisoma kwamba huenda bakteria wa utumbo, pamoja na chakula kinachowalisha, wana mchango katika namna mwili unavyopokea dawa. Nilipomweleza shemeji, niliona neno bakteria litamtisha. Nikachagua lililo jepesi.

"Hao ni wadudu wazuri," nikamwambia.

"Mdudu mzuri ni aliyekufa."

Mke wangu akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, akanyoosha mkono apewe kikombe cha mwarobaini ambacho shemeji alikuwa amekijaza. Kesho yake alitakiwa kutundikiwa dripu ya tatu ya dawa ya saratani, na kama mwarobaini ungemharisha, ingeahirishwa. Nikakiziba kikombe kwa kiganja, kisha nikaleta ushahidi wangu: kopo la vidonge vya bakteria hai, nililonunua Diani bila kumwuliza daktari.

"Kwa hivyo huyu anataka kuwaua, na wewe unataka kuwaongeza," mke wangu akasema. "Tumbo langu limekuwa baraza? Mpigieni sista wa kliniki."

Sista alitusikiliza sote wawili.

"Mwarobaini, hapana. Vidonge navyo hapana, mzee. Kinga yake iko chini, bakteria hai wanaweza kumletea maambukizi. Utafiti bado unaendelea. Hakuna ajuaye kwa hakika ni wepi wa kuongezwa. Ale kunde, mchicha, vipikwe viive. Na msimpe kitu kabla ya kutuuliza."

"Umesikia, shemeji?" nikasema.

"Nimesikia vidonge hapana," akajibu.

Alikwenda kuimwaga chupa uani, taratibu kama anayezika, kisha akafungua mfuko aliokuja nao. Ulikuwa na kunde za shamba lake. Alizipika kwa nazi hadi zikalainika, na mke wangu akamaliza sahani. Kesho yake damu ilipimwa, ikafaa, akatundikiwa dripu.

Muuza dawa wa Diani hakulipokea kopo. Alisema likishafunguliwa halirudi, nami nilikuwa nimelifungua kuhakiki idadi ya vidonge. Vilikuwa kamili. Hasara: shilingi elfu tatu na mia sita.