Mkanda Uliopindwa Kinyume

Wanafunzi walimwita Mzee Majani, na jina lilimganda mpaka mkewe naye akawa analitumia siku akikasirika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akikata nyasi za shule ile ile, kwanza kwa fyekeo, kisha kwa mashine ya kusukuma. Sasa magoti yalikuwa yameshamsaliti, la kushoto likiwa limetangulia. Asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akajikaza, ndipo akasimama. Alikuwa amechoka, tusidanganyane, ila hakuwa na pa kuupeleka uchovu wake.

Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini. Ni mama mpole, hapendi kumuudhi mtu, kwa hiyo alisema huku akitazama meza.

"Mzee wangu, wazazi wanalalamika uwanja umekuwa pori. Kuna watu wenye mashine zao, wako tayari kuanza wiki ijayo. Na wataihitaji ile nyumba ya nyuma."

Nyumba ya nyuma ilikuwa yake yeye na mkewe: vyumba viwili na kibaraza, watoto wanne wamelelewa humo wakaota mbawa. Waliishi pale kwa sababu yeye anakata nyasi. Asipokata, hawana nyumba, wala hapo hapakuwa na la kubishania.

"Nipe mpaka Ijumaa, mwalimu," alisema. "Lile trekta la stoo nitalifufua."

Mwalimu mkuu alikubali, nadhani kwa huruma tu. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, la zamani, limemzidi umri mwalimu mkuu, na rangi yake nyekundu ilibaki mafichoni tu, chini ya kiti. Pembeni yake, chini ya magunia, ililala mashine ya kukatia nyasi ya kufungwa tumboni mwa trekta, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Dereva aliyejua kuifunga alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na ujuzi wake karibu wote akaenda nao.

Injini haikumsumbua. Jumatano jioni ilikohoa, ikatema moshi, ikashika. Kazi ilikuwa tumboni. Ile mashine ni chuma kitupu, unaisukumiza kutoka ubavuni mpaka ikae chini ya trekta, kisha unainyanyua uitundike kwa pini tatu, na pini hizo hazikubali kuingia moja moja. Alhamisi mkewe aliacha ushonaji wake, akaja kushika upande mmoja. Alikuwa fundi cherehani, sare za nusu ya shule zimepita mikononi mwake.

"Nyanyua kidogo, mama watoto."

"Nimenyanyua. Wewe ndiye unayelala."

"Silali, natafuta tundu."

"Basi litafute ukiwa umefumbua macho."

Pini ziliingia mchana, baada ya kumla ngozi ya vidole viwili. Ukabaki mkanda wa kutoa nguvu kwenye injini na kuzungusha visu. Puli ya injini, lile gurudumu linalobeba mkanda, imesimama wima, ya mashine imelala, kwa hiyo mkanda lazima upindwe robo njiani. Mzee Majani aliufunga akiwa chali chini ya trekta, kichwa kikielekea magurudumu ya mbele. Aliambiwa zamani na yule dereva kwamba unapindwa kulia, akaupinda kulia. Kulia kwake yeye aliyelala, si kulia kwa aliyeketi kwenye kiti.

Ijumaa asubuhi alipanda, akaingia uwanjani. Visu viliunguruma vizuri, na nyasi zikalala chini zote. Alipogeuka kuangalia nyuma, zilikuwa zinaamka. Hakuna hata moja iliyokatika.

Akasema visu ni butu. Akavitoa vyote vitatu, akavinoa kwa tupa mpaka saa sita, akavirudisha, akazunguka tena. Nyasi zikalala, zikaamka. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kibaraza, mikono kifuani, anatazama. Raundi ya tatu mzee alizima injini katikati ya uwanja, akabaki amekaa juu ya kiti. Mwalimu mkuu alikuwa amesema atapita saa kumi.

Mkewe alishuka barazani, akaja mpaka kwenye trekta na kikombe cha maji.

"Visu vinazunguka kinyume," alisema. "Nyasi zinapigwa kwa mgongo wa kisu. Mkanda wa cherehani ukiupishanisha kama nane, gurudumu linarudi nyuma. Na huo umeupinda upande usio wake."

Mzee Majani alipokea kikombe, akanywa maji yote. Alirudi chini ya trekta, pini moja ikamchania suruali kuanzia gotini mpaka pajani, na akaupinda mkanda kushoto kwake. Saa kumi mwalimu mkuu alimkuta amemaliza robo ya uwanja, nyasi zimekatika sawasawa, harufu yake imejaa kila mahali. Akasema wale watu atawapigia simu wasije, na nyumba ibaki kama ilivyo.

Mzee aliingia ndani aseme habari njema. Kuta za chumba cha mbele zilikuwa tupu. Sahani zimezungushiwa magazeti, nguo zimo kwenye mabegi, na cherehani limefunikwa shuka likafungwa kamba kwa mafundo matano.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Kidogo kidogo, tangu Jumanne. Leo nilimalizia."

"Hukuamini kwamba nitaweza."

"Niliomba usiweze," alisema mkewe. "Nimechoka, baba watoto. Nilitaka twende kwa mdogo wangu, nilale bila kuamshwa na kengele ya shule. Na wewe ukae, magoti yapumzike."

"Mkanda uliuona saa ngapi?"

"Raundi ya kwanza."

"Si ungenyamaza?"

"Nilinyamaza. Raundi mbili nilinyamaza. Ya tatu nikakuona unafuta macho kwa mkono wa shati, nikashindwa."

Mzee alikaa juu ya begi, kwa kuwa kiti kilikuwa kimeshafungwa na vingine.

"Usifungue vitu," alisema. "Likizo ikifika tunaondoka. Nitamwambia mwalimu mwenyewe."

Mkewe alimtazama, kisha akatazama suruali.

"Na mpaka likizo utapanda trekta na paja nje?"

Mzee hakuwa na suruali nyingine ya kazi. Basi aliinama mwenyewe kwenye cherehani, akaanza kufungua mafundo, moja moja, vidole vikimuuma. Alipotaka kuurudisha mkanda wa cherehani, mkewe alimsogeza.

"Huo niachie mimi."

Akaishona suruali palepale. Vitu vingine waliviacha vimefungwa.