Mlango wa Dereva Chui

Kule Waithaka, pembeni mwa Nairobi, ukishuka kutoka barabarani kuelekea mtoni, nyumba zote zilikuwa zimeshakuwa za mawe, lakini mwaka ule wa elfu mbili na saba ilibaki moja ya mbao, nayo ilikuwa ya Wamucii. Watoto wake walimwambia, mama, tubomoe tukujengee. Akawaambia wajenge, ila wakitaka kubomoa waanze na yeye. Wakamjengea kando. Humo ndani ya mawe akaweka viazi na kuku, akarudi kulala kwenye mbao zake.

Watu walidhani ni ukaidi mtupu. Ukaidi ulikuwepo, hakuna wa kuukataa. Lakini kulikuwa na ukuta.

Baridi ya Waithaka ya mwezi wa saba haina adabu. Inapita katikati ya mbao kama mwenye nyumba. Ndiyo maana zamani kila mke alibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga wa ngano. Kwa Wamucii hayakuwa magazeti. Mume wake, Zachariah, alikuwa dereva wa lori, anapeleka mizigo Malaba mpakani na kungoja huko mpaka apate mzigo wa kurudi, na siku moja akapita River Road akanunua kitabu cha picha, kimoja chembamba cha karatasi duni, kiitwacho Dereva Chui. Huyo Chui hakuwa chui, alikuwa mtu, dereva wa lori kama Zachariah mwenyewe, kofia imelala upande. Kila barabara aliyoshika ilimfikisha mahali pasipokuwepo duniani: mji wa watu wanaouza ukungu kwa debe, daraja lisiloshikwa na kitu, mlima unaosogea kando ukipigiwa honi.

Kitabu kilipolegea kwa kusomwa, Zachariah alitoa pini, akazitenganisha karatasi, akazibandika juu ya kitanda.

Sasa fikiria. Karatasi ina pande mbili. Ukiibandika, upande mmoja unatazama watu na ule mwingine unatazama mbao. Kwa hivyo nusu ya hadithi Wamucii aliijua kwa macho, na nusu aliijua kwa mdomo wa Zachariah. Shule hakwenda. Herufi alizijulia pale pale ukutani, moja moja, kama mtu anavyojua sura za watu wa sokoni kabla hajajua majina yao.

Picha ya mwisho ilikuwa karibu na mto wake wa kulalia. Chui amerudi kwake. Mvua inanyesha, amesimama nje ya mlango, ameinua mkono abishe. Basi. Chini ya picha hiyo karatasi ilikuwa imekatwa kwa makasi. Zachariah alisema palikuwa na doa la mafuta ya breki.

"Halafu?" Wamucii alimwuliza siku hiyo.

"Halafu iko upande wa pili. Mke wake anafungua. Anamwangalia kutoka juu mpaka chini, anamwambia, 'Umekawia. Viatu uviache nje.'"

Wamucii alifurahi sana moyoni, ingawa usoni hakuonyesha. Kwa maana hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyomwambia Zachariah kila aliporudi kutoka Malaba, maneno hayo hayo, bila la kuongeza. Kumbe hata watu wa vitabuni, wanaochorwa na wenye elimu zao, wanaongea kama Wamucii. Hilo lilimtosha miaka mingi. Akidharauliwa kanisani na wale wanawake wa kusoma ratiba, alikuwa akikunja mikono, akijua anachojua.

Kisha Zachariah akaenda safari ambayo haina mzigo wa kurudi. Wamucii akabaki na ukuta. Mchana baada ya chakula alikuwa akijilaza ubavu, macho yake kwenye karatasi, na polepole usingizi ukija lile lori lilianza kutembea. Lilipita bila sauti, taa zake za manjano zikipasua ukungu, na wauza ukungu wakisogeza madebe yao wasigongwe. Mlima ulijiweka kando. Kila mara lori lilifika kwenye mlango ule, na mkono wa Chui ukainuka, na kila mara Wamucii aliamka kabla haujagonga.

Jirani yake Waceke, aliyeolewa na binamu ya Zachariah, alikuwa akija kunywa chai na kumchokoza.

"Wewe huo upande wa pili uliuona?"

"Zachariah aliuona."

"Zachariah pia alikuwa akisema ameacha sigara."

Wamucii alimmiminia chai nusu kikombe siku hiyo. Lakini lile neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akilala, akaanza kuuliza: je, kama mlango haukufunguliwa? Kama huyo mwanamke alisema kitu kingine, ama hakusema kitu?

Mwaka huo watu wa Nairobi walikuwa na wazimu wa kununua kitu leo ili wauze kesho. Aliyekosa hisa alitafuta ploti, na aliyekosa ploti alitafuta chochote. Mungai, mtoto wa ndugu yake Wamucii, alikuwa broka wa hayo yote. Akaja siku moja kumsalimia shangazi yake, akasimama mbele ya kitanda na mdomo wazi.

"Tata, hii kitu iko kwa ukuta yako na wewe unakaa tu?"

"Nikae vipi?"

Akamweleza. Huko Westlands kulikuwa na minada ya vitabu vya picha vya zamani. Matajiri wanakaa kwenye hoteli wanashindana. Dereva Chui ya kwanza, kama hiyo ya ukutani, ndiyo waliyokuwa wakiililia zaidi, kwa sababu kiwanda kilifungwa na vitabu vingi viliishia kufungia nyama na njugu. Mara ya kwanza iliuzwa elfu tatu, ikafika elfu thelathini, na sasa hakuna aliyejua itasimama wapi.

"Na wanaisoma?"

"Nani asome? Ananunua, anaweka, anauzia mwingine."

"Na huyo mwingine?"

"Anauzia mwingine."

"Na wa mwisho anafanya nini nayo?"

"Hakuna wa mwisho, Tata. Hiyo ndiyo biashara."

Mungai aliomba abandue karatasi moja kwa mvuke wa birika, aone kama inatoka. Wamucii alikubali upesi mno, hata Mungai akashangaa. Hakuwa akifikiria pesa. Alikuwa akifikiria upande wa pili. Wakaanza na ile ya mlango, pembe moja tu. Mvuke ukapanda, pembe ikalegea, ikatoka, na nyuma yake hapakuwa na picha wala neno. Palikuwa na manyoya tu ya karatasi ya kijivu. Ule uji wa ngano ulikuwa umekula wino wote.

"Imekuwa zero," Mungai alisema, akavuta tena. Wamucii akampiga mwiko mkononi.

"Nani alikwambia nauza? Iache hivyo." Akairudisha pembe ukutani, akaishikilia kwa kiganja mpaka ikakauka. Halafu bila kugeuka akauliza, "Huko Westlands iko nzima?"

"Iko moja. Jumamosi."

"Utanipeleka."

Jumamosi alivaa koti lake la kanisani na kitambaa cheupe. Hoteli yenyewe ilikuwa ya kioo kutoka chini mpaka juu, na mawingu yalikuwa yakipita ndani ya kioo kama yaliyokodi chumba. Zulia lilimeza sauti ya viatu. Watu waliongea kwa kunong'ona, kila mtu na kibao chake chenye nambari. Wamucii akaona anatembea ndani ya ile miji ya Chui, na hakuogopa, kwa sababu alikuwa akiizuru kila siku.

Mbele, juu ya meza, kitabu kilikuwa kimefungiwa ndani ya plastiki ngumu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona jalada tangu Zachariah alitoe. Jekundu. Alikuwa amesahau kwamba lori la Chui lilikuwa jekundu. Ukutani moshi ulikuwa umeshalifanya la kahawia.

Dalali, kijana mwenye tai, akaanza na elfu hamsini. Vibao vikapanda na kushuka kama mbawa za kuku. Laki. Laki na nusu. Wamucii akainua mkono.

"Mama wa kitambaa cheupe, laki na sitini?"

"Mimi siongezi. Nauliza. Huko nyuma ya ukurasa wa mlango mmeona nini?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha mjini. Dalali akamweleza kwa heshima kwamba kimefungwa na wataalamu, na kikifunguliwa bei inaanguka.

"Kitabu ambacho hakifunguliwi si kitabu. Ni tofali," alisema Wamucii, akashusha mkono. Mungai akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kilichukuliwa kwa laki mbili na nusu, bei ya ng'ombe watatu wa maziwa, na mzee mmoja wa Kitisuru aliyeitwa Indravadan, mwenye duka la vitambaa na vifungo kule Biashara Street. Kabla Mungai hajamshika mkono, Wamucii alikuwa ameshafika kwenye meza ambapo mzee huyo na mke wake, Lalita, walikuwa wakiletewa chai.

"Mzee wangu," alisema, "sitaki kukinunua na sitaki kukishika. Nataka ukurasa mmoja tu. Ugeuze, nione, nirudi kwangu."

Indravadan alimtazama juu ya miwani. "Mama, umesikia pale. Nikifungua, nusu ya pesa imekwenda. Kijana yangu anasema Krismasi itakuwa mara mbili."

"Wewe ulishakisoma?"

Mzee akacheka peke yake, akasugua kipara. "Nikwambie ukweli? Zamani huyu Chui alikuwa analetwa dukani kwangu kwa kilo. Karatasi ya bei rahisi. Nilikuwa nararua, nafungia watu vifungo. Mia ngapi nimerarua, sijui. Kusoma hata moja, hapana."

"Kwa hivyo ulirarua bila kusoma, na sasa umenunua bila kusoma."

Lalita aliweka kikombe chini. "Fungua, bwana. Mimi hata sufuria nikinunua, natoa karatasi."

"Lalita, ni laki mbili na nusu."

"Ndiyo nasema tuone ni nini."

Indravadan akasogeza chai yake kando. Kisha akaomba kisu kwa mhudumu. Mungai aligeukia dirisha, hakuweza kutazama. Plastiki ikalia, ikapasuka, na harufu ikatoka, karatasi na wino wa zamani, harufu ya koti la Zachariah likiwa limetundikwa msumarini. Wamucii alifumba macho. Alipoyafumbua, kitabu kilikuwa mbele yake, na mzee alikuwa akimsukumia. "Geuza wewe. Mimi mikono yangu imezoea kurarua."

Akageuza. Zile kurasa alizozijua zilimsalimia kama jamaa waliooga. Na katikati yao zikaja zile zilizokuwa zikitazama mbao. Mji wa ukungu ulikuwa na soko, kama Zachariah alivyosema. Daraja lilikuwa na bibi anayelipisha ushuru kwa nyimbo, kama alivyosema. Hakuwa amemdanganya hata kidogo, na Wamucii akaanza kuandaa maneno ya kumwambia Waceke.

Akafika kwenye mlango. Mvua, Chui, mkono umeinuka. Na chini, pale ambapo kwake makasi yalipita, hapakuwa na doa lolote. Palikuwa na neno. Akaweka kidole.

"Mwi," akasoma. "Mwi-sho."

Akageuza. Upande wa pili kulikuwa na tangazo la baiskeli. Mwanamume ameiegemea, anacheka meno yote. Hakuna mlango. Hakuna mwanamke. Akarudi nyuma, akageuza tena, pengine karatasi zilishikana. Hazikushikana.

"Umepata, Mama?" aliuliza Indravadan.

Kwa mawazo Wamucii hakuwa pale tena. Alikuwa amerudi Waithaka, Zachariah ameketi kitandani na makasi, anakata neno lile utepe mwembamba, na mgongo amempa. Umekawia. Viatu uviache nje. Hakuna mchoraji aliyeandika hayo. Katika dunia nzima kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyesema hivyo, na alikuwa akiyasema kwa hasira ya kungoja, na mwanamume aliyeambiwa alikuwa ameyachukua akayaweka mahali pazuri kuliko pote alipopajua.

"Haimo?" Lalita aliuliza polepole.

"Humu haimo. Ile yangu inayo."

"Tata, yako ni zero," Mungai alisema kutoka dirishani.

"Mungai, wewe nyamaza, wakubwa wanaongea." Akawaambia wale wazee wawili jinsi mlango unavyofunguliwa, na mke anavyomtazama mumewe, na anachosema. Lalita akainama akatazama viatu vya Indravadan chini ya meza.

"Hata mimi ndivyo ningesema," akasema.

Indravadan akakivuta kitabu, akakifungua kutoka mwanzo, akalowesha kidole kama mwenye duka anayehesabu, na akaanza kusoma. Wakamwacha hapo.

Mvua nyembamba ilikuwa imeanza walipofika Waithaka. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyumba ya mbao; Waceke alikuwa ameingia kumwashia moto, na zaidi kungoja habari. Wamucii alisimama nje ya mlango wake mwenyewe. Akainua mkono, akakaa hivyo kidogo, maji yakitiririka kwenye koti la kanisani. Kisha akabisha.

Waceke akafungua. "Unabisha kwako? Ama Westlands imekuharibu?" Alipoona jirani yake hasogei, akapunguza sauti. "Basi sema. Huyo mwanamke alifungua?"

"Alifungua."

"Wameandika?"

"Hawakuandika. Huyo mwanamke ni mimi."

Waceke akasogea kando, akampisha. Wamucii akainama, akavua viatu vyake, akaviacha nje.